Mguu Unaowasha, Mguu Unaovimba: Fangasi au Mshipa Uliobanwa?

Katika maduka mengi ya dawa, kuanzia Malaba hadi Kampala, mtu akionyesha mguu wenye ngozi iliyoiva weusi na inayowasha, hupewa tyubu ya dawa ya fangasi. Mara nyingi muuzaji hakosei, maana fangasi wa ngozi ni wengi katika nchi yenye joto na mvua kama Uganda. Ila wapo watu wanaomaliza tyubu baada ya tyubu huku shida yao iko juu kabisa, ndani ya nyonga, ambako mshipa mmoja wa damu umeukandamiza mwingine. Na wapo wanaouza mbuzi ili wapate nauli na ada ya vipimo vya mishipa, kumbe walichonacho ni choa cha kawaida ambacho krimu ya wiki chache ingekimaliza.

Ninawaandikia watu wa pande hizo mbili, niwasaidie kuchagua pa kuanzia. Msimamo wangu nautaja mapema: angalia uvimbe kwanza, mwasho baadaye. Mwasho uko katika magonjwa yote mawili, kwa hiyo hautenganishi chochote. Uvimbe unatenganisha.

Kila ugonjwa unaishi wapi

Fangasi wa choa wanakula keratini, yaani ile protini ya tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Kwa kawaida hawaendi chini zaidi ya hapo. Ndiyo maana dalili zao ni za juu juu: magamba, mipasuko, unga mweupe, kucha kuwa nene na ya njano. Mguu wenyewe, nyama na mifupa yake, unabaki na umbo lake.

Vena ni mishipa yenye kazi nyingine kabisa, ya kurudisha damu moyoni. Kuta zake ni nyembamba na msukumo wa damu ndani yake ni mdogo, tofauti na ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, ambazo ni ngumu na zinapiga kwa nguvu. Vena na ateri zikipishana mahali penye nafasi finyu, vena ndiyo hulala. Mahali panapojulikana zaidi ni chini ya kitovu, ambapo ateri ya kulia inapita juu ya vena ya mguu wa kushoto na kuibana dhidi ya uti wa mgongo. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa May-Thurner, kwa majina ya madaktari wawili walioieleza mwaka 1957 baada ya kupasua maiti 430 na kukuta takriban 22 katika kila 100 wana nyuzi za kovu ndani ya vena hiyo. Zaidi ya miaka mia moja kabla yao, Rudolf Virchow alikuwa tayari ameona kwamba damu huganda zaidi katika mguu wa kushoto kuliko wa kulia.

Zipo sehemu nyingine mbili nitakazozitaja kwa haraka. Vena ya figo ya kushoto inaweza kubanwa kati ya ateri kuu na tawi lake la matumbo, mtu akapata maumivu ya ubavu wa kushoto na damu kwenye mkojo, na mwanamume akavimba mishipa ya korodani ya kushoto. Huonekana zaidi kwa vijana wembamba. Na chini ya mtulinga, karibu na ubavu wa kwanza, vena ya mkono inaweza kubanwa kwa wanaoinua mikono au mizigo sana, kama wapaka rangi na wapagazi. Mkono mmoja ukivimba ghafla na kugeuka bluu au mweusi baada ya kazi nzito, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kuusoma mguu nyumbani

Utazame mguu mara mbili: asubuhi kabla hujashuka kitandani, na jioni baada ya kazi. Mguu wenye vena iliyobanwa asubuhi huwa mwembamba au nafuu, jioni mzito, umejaa, soksi imeacha alama. Bonyeza mbele ya ugoko kwa dole gumba, hesabu polepole hadi kumi, kisha uachie. Kikibaki kishimo, hapo pana maji yaliyokusanyika, na hakuna fangasi wa choa anayefanya hivyo peke yake.

Kisha linganisha miguu miwili. Chukua futi ya fundi cherehani, shuka sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, pima mzunguko wa kila mguu. Tofauti ikifika sentimita 3 au zaidi, hiyo ni moja ya hoja ambazo madaktari wanatumia kushuku kwamba damu imeganda ndani ya vena kubwa. Mguu wa kushoto peke yake kuvimba, hasa kwa mwanamke wa miaka ishirini hadi arubaini na kitu, mjamzito, aliyejifungua karibuni, au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, unatakiwa uwafanye watu waache kufikiria krimu.

Sasa ngozi. Vena ikishindwa kazi kwa muda mrefu, chembe za damu hupenya nje na kuacha madini ya chuma kwenye ngozi. Weusi wake hukaa juu kidogo ya kifundo cha mguu, zaidi upande wa ndani, na huenea bila ukingo unaoeleweka. Ngozi hukauka, huwasha, huwa ngumu kama imeshikana na mfupa. Baadaye kidonda kinafunguka hapo hapo, na hakiponi.

Choa kina tabia nyingine. Kinaanza kidogo na kupanuka kwa duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati panaelekea kupona. Wekundu unaoandikwa kwenye vitabu vingi haujionyeshi kwenye ngozi zetu nyeusi. Utaona kahawia, kijivu, au weusi uliozidi, kwa hiyo tafuta ukingo na magamba wala usitafute rangi. Kwenye nyayo fangasi huyu anakaa kati ya kidole kidogo na kinachofuata, ngozi ikiwa nyeupe, laini, inapasuka na kunuka. Wakulima wa mpunga wa Doho wanaoshinda majini, askari na walinzi wanaovaa buti kutwa, wanamjua vizuri. Kwenye kinena hufuata mkunjo wa paja na mara nyingi huacha korodani salama. Korodani nazo zikiwasha na kuwa mbichi, fikiria kandida, fangasi wa aina nyingine, au kitu kingine kabisa.

Kuna swali moja jepesi ambalo husaidia sana: nani mwingine nyumbani anawashwa? Choa kinaambukiza, kwa taulo, shuka, mashine ya kinyozi, hata paka na ndama. Ukiwa na mtoto mwenye mapunye na mama yake mwenye duara mkononi, jibu umeshalipata nusu. Vena iliyobanwa haiambukizi mtu.

Ambacho si hiki wala kile

Hapa naomba usiruke, kwa sababu Uganda ina magonjwa ya miguu ambayo ulinganisho ulioandikwa Ulaya hauyataji.

Kwenye miteremko ya Mlima Elgon na huko magharibi, Kamwenge mmojawapo, watu wanaolima pekupeku kwenye udongo wa volkano hupata podokoniosi. Uvimbe unaanzia kwenye wayo na kupanda, kwa kawaida miguu yote miwili, ingawa mmoja unaweza kuzidi, na ngozi inakuwa na vinundu kama ukoko. Kaskazini na sehemu za mashariki kuna matende yanayoletwa na mbu. Miguu yote miwili kuvimba sawasawa pamoja na kuishiwa pumzi au uso kujaa asubuhi kunaelekeza kwenye moyo au figo. Madoa ya zambarau au meusi yaliyoinuka pamoja na uvimbe mgumu yanaweza kuwa saratani ya Kaposi, na mtu huyo apimwe VVU na akafanyiwe uchunguzi bila kuchelewa. Nalo doa lililopauka, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa pamba husikii chochote, si fangasi hata kidogo. Huo unaweza kuwa ukoma, na dawa yake kamili hutolewa bure.

Kipimo kipi ulipie

Kwa fangasi, kipimo kizuri ndicho cha bei ndogo. Fundi wa maabara anakwangua magamba kwenye ukingo wa doa (katikati hapana maana), anadondoshea potasiamu haidroksaidi, anasubiri, kisha anatazama kwa hadubini ile ile ya kusomea malaria. Nyuzi za fangasi huonekana papo hapo. Kituo cha afya cha daraja la tatu chenye maabara kinaweza kukifanya kama kina kemikali hiyo na mtu aliyefundishwa. Uulize. Kuotesha fangasi maabara huchukua wiki, hata nne, nami naona kunafaa zaidi kwa kucha na kwa doa lililokataa dawa mbili. Choa cha kawaida, chenye ukingo wazi, mhudumu wa afya mzoefu anaweza kukitibu kwa macho tu. Kucha ni tofauti: usianze vidonge vya miezi mitatu bila kuthibitisha, maana kucha nene na yenye rangi mara nyingi ni ya kugongwa, ya kiatu, au ya pumu ya ngozi.

Kwa vena, kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha damu inavyotembea, isiyo na mionzi wala sindano. Hospitali za rufaa za mikoa na za mashirika ya dini ndiko pa kuulizia kabla ya kufikiria Kampala. Lakini hapa kuna mtego unaoniumiza roho kila ninapouona. Dopla nyingi za mguu huanzia kwenye kinena na kushuka hadi kwenye shavu la mguu. Vena inayobanwa iko juu ya hapo. Mgonjwa anapewa karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna mgando, anarudi nyumbani akiamini mishipa yake ni mizima, na mguu unaendelea kujaa. Karatasi hiyo imejibu swali la mgando wa mguu peke yake.

Kwa hiyo mwombe daktari aandike wazi kwamba anataka vena za nyonga ziangaliwe pia, na mtiririko wa damu kwenye kinena cha kushoto ulinganishwe na wa kulia. Kwa kawaida damu hiyo hupanda na kushuka kulingana na pumzi. Upande mmoja ukikosa mawimbi hayo, kuna kizuizi juu. Nenda bila kula ukishauriwa hivyo, kwa sababu hewa ya tumbo huziba picha, ila maji unywe kama hujakatazwa, maana mwili mkavu hufanya vena ionekane imelala kuliko ilivyo.

Hatua inayofuata ni skani ya CT au ya MRI iliyopangwa kwa ajili ya vena. Ya CT ina mionzi na dawa ya kung'arisha inayohitaji figo zichunguzwe kwanza. Ya MRI haina mionzi, ni ya gharama na foleni. Kipimo sahihi kuliko vyote ni ultrasaundi ndogo inayoingizwa ndani ya mshipa wenyewe, nacho hufanyika pamoja na matibabu, katika hospitali chache za juu. Kabla ya kulipia yoyote, muulize daktari: majibu yakitoka hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika? Kama hayabadiliki, pesa hiyo inunue soksi nzuri.

Na picha ikionyesha vena imebanwa, bado hujapata ugonjwa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichunguza skani za watu 50 waliofika hospitali kwa maumivu ya tumbo, wasio na shida yoyote ya miguu, na takriban robo yao walikuwa na vena ya kushoto iliyobanwa zaidi ya nusu. Picha bila uvimbe, bila mgando, bila kidonda, haitibiwi.

Dawa: kilicho cha juu na kilicho cha ndani

Choa cha mwili na cha miguu kinatosheka na krimu. Ya terbinafini inamaliza kazi katika wiki moja au mbili. Ya klotrimazoli inahitaji wiki mbili hadi nne, mara mbili kwa siku, na uendelee wiki moja au mbili baada ya doa kuonekana limekwisha. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua terbinafini, kwa sababu watu huchoka kupaka. Ukikosa zote mbili, mafuta ya Whitfield, mchanganyiko wa zamani wa asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3, bado yanafanya kazi kwenye ngozi isiyo mbichi. Paka hadi sentimita mbili nje ya ukingo, maana fangasi wametangulia mbele ya kile unachokiona.

Mapunye ya watoto hayaponi kwa krimu, kwani mzizi wa unywele uko mbali na pale dawa inapofika. Yanahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini kwa wiki sita hadi nane au terbinafini kwa kipimo cha uzito. Kucha za miguu zinahitaji terbinafini ya miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, ini likiangaliwa, na hata baada ya hapo kucha mpya inaweza kuchukua mwaka kutoka yote. Ketokonazoli ya kumeza ikatae kwa ajili ya ngozi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea mipaka mikali, na ya Ulaya ikapendekeza isimamishwe, kwa sababu ya madhara kwenye ini.

Tyubu ninayoiogopa kuliko zote ni ile ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali (dawa ya kutuliza mwasho) kama betamethasoni au klobetasoli ndani yake. Mwasho hukoma siku ya pili, mteja anashukuru, anawaambia majirani. Chini ya utulivu huo fangasi wanaenea bila kipingamizi, ukingo unafutika, na hata daktari wa ngozi anashindwa kuutambua ugonjwa kwa macho. Kinenani ngozi inachanika michirizi isiyofutika. Soma jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa la tyubu kabla ya kulipa.

Upande wa vena, aliyeganda damu anahitaji dawa za kuzuia mgando kwa muda usiopungua miezi mitatu, akiwa chini ya daktari. Mtu mwenye uvimbe bila mgando anaanza na soksi za kubana, kutembea, na kuinua miguu juu ya usawa wa moyo mara kadhaa kwa siku. Madereva wa malori wanaokaa kwenye foleni ya mpakani wateremke na kutembea. Waliokaa wanaweza kukanyaga na kuachia kisigino, maana misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya damu hiyo. Soksi zenye nguvu ya milimita 20 hadi 30 za zebaki, za kufika chini ya goti, zinawatosha wengi. Pimwa asubuhi kabla mguu haujajaa, uzivae kabla ya kushuka kitandani, uzivue usiku. Mwenye kisukari, mvuta sigara wa muda mrefu, au mzee mwenye miguu baridi apimwe kwanza ateri zake, kwa sababu mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaweza kufa.

Stenti, yaani bomba la wavu la kupanua vena, ina nafasi yake: vena imebanwa kweli, mgonjwa ameganda damu au ana uvimbe na kidonda kisichopona, na soksi zimeshindwa. Akiwekewa, anahitaji dawa za kuzuia mgando na kurudi kliniki kwa miaka. Kwa kijana wa miaka ishirini na tano bomba hilo litakaa mwilini maisha yote. Mimi ningesubiri kadiri daktari anavyoruhusu, na ningeuliza kwanza nani atanifuatilia hapa hapa nchini. Kufunga au kung'oa mishipa iliyotokeza juu ya ngozi wakati kizuizi kiko nyongani huleta nafuu ndogo na mishipa hurudi. Kwa yule mwenye vena ya figo iliyobanwa, akiwa kijana mwembamba, kunenepa kidogo na kusubiri mara nyingi hutosha, baada ya kuhakikisha damu ya mkojo haitokani na kichocho, kifua kikuu, mawe au uvimbe wa figo.

Nenda hospitali leo, wala usisubiri kesho, kama mguu au mkono mmoja umevimba ghafla na unauma, au kama uvimbe huo umefuatwa na kifua kuchoma, pumzi kukatika au kukohoa damu. Huenda bonge la damu limefika mapafuni.

Mtu akiwa navyo vyote viwili

Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mguu uliojaa maji unabana vidole, unyevu unabaki kati yake, fangasi wanaota. Fangasi wakipasua ngozi, bakteria wanapata mlango, na mguu mzima unawaka moto kwa homa na maumivu. Kila shambulio la namna hiyo huharibu njia za kutoa maji, na uvimbe unaofuata ni mkubwa zaidi. Kwa mtu wa namna hii kati ya vidole ndipo pa kuanzia, hata kama shida kubwa ni vena: osha kila jioni, kausha kila nafasi kwa kitambaa, paka krimu, vaa ndala ndani ya nyumba. Achague soksi za kubana zilizo wazi vidoleni, awe na jozi mbili ili moja ikauke kabisa wakati nyingine iko mguuni. Steroidi ya muda mfupi inaweza kuhitajika kwa ngozi iliyoharibiwa na vena, ila daktari ahakikishe kwanza kwamba hakuna fangasi hapo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye vidonge. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia mgando, akapewa flukonazoli kwa fangasi, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi ndani ya siku chache, akavuja damu puani, tumboni au kichwani. Mikonazoli ya jeli ya mdomoni hufanya vivyo hivyo. Griseofulvini inavuta upande wa pili, inapunguza nguvu ya warfarini na damu inaweza kuganda tena. Inapunguza pia nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, na mjamzito hapaswi kuimeza. Anayetumia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia mgando, asichanganye na ketokonazoli au itrakonazoli za kumeza. Krimu ya terbinafini au klotrimazoli kwenye eneo dogo la mguu ndiyo salama zaidi kwa mtu wa dawa za kuzuia mgando. Ikilazimu kumeza, INR, kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda, ipimwe kabla na irudiwe ndani ya wiki ya kwanza, na karatasi ya kliniki ya damu iwekwe mezani kwa mfamasia kabla hajafungua kopo.